Mlio Mmoja Badala ya Miwili

Niseme mapema, mtu asije akanitafutia wema nisio nao: yule mama simpendi. Sikumpenda siku ya kwanza alipoingia chumba chetu cha uchapaji, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja na kuuliza, "Nani humu amevaa soksi za jana?" Tulikuwa wawili tu, mimi na fundi wa kompyuta, na fundi alikuwa amevaa ndala. Miaka tisa imepita na bado nakisikia kicheko cha yule fundi.

Lakini habari zake nisipozisema mimi, hakuna atakayezisema. Mwenyewe hajielezi kwa mtu, na dada yake akianza kueleza huishia kutukana.

Kiwanda chetu ni kidogo: chumba cha mashine, chumba cha pili cha kupiga vitabu jalada, stoo, na ofisi ya meneja yenye feni. Tunachapa vitabu vya wasioona, kwa nukta nundu, zile nukta zilizoinuka kwenye karatasi nene ambazo msomaji huzipapasa kwa ncha za vidole. Printa yake ni nzito kama kabati, na ikifanya kazi inagonga mpaka vikombe vinahama mezani. Yule mama haoni tangu akiwa na miaka miwili. Kazi yake ni kukigeuza kitabu cha wino kiwe cha nukta. Kazi yangu ni kumsomea. Mimi nilikuwa macho na yeye alikuwa mengine yote, na hakuacha siku ipite bila kunikumbusha.

Pale kazini tulimwita Mama Nukta, japo hana mtoto. Mimi waliniita Msomaji tu. Neno "Mkuu" nililiongeza mwenyewe, na hapo ndipo vita vilipoanzia.

Kompyuta yetu ni moja, tena ya zamani. Programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta iliwekwa na yule fundi kabla hajaacha kazi na kwenda zake, na haikubali kufanya kazi ila kwa jina moja la mtumiaji, lile alilolifungua yeye. Tulijaribu kugawana, kila mtu na jina lake, ikagoma. Ikabidi tuishi wawili ndani ya jina moja. Wala haina vipicha vya kubonyeza. Ni skrini nyeusi: unaandika amri, inatii, inangoja nyingine. Kila inapongoja, huweka mwanzoni mwa mstari alama ya kukuambia haya, sema. Fundi aliiita kidokezo, nasi tukaiita hivyo hivyo. Kidokezo kinaweza kukuonyesha uko folda gani, ni saa ngapi, chochote unachotaka, na ukipenda unakibadilisha kikae unavyotaka wewe.

Mimi nilipenda. Nilipata karatasi yenye maelekezo, nikashinda nayo mchana mzima, na ilipofika saa kumi kidokezo changu kilikuwa kimesimama pale kwa rangi ya kijani: nyota tatu, kisha MSOMAJI MKUU, kisha mishale mitatu, ile alama ya hesabu ya kubwa kuliko. Niliegemea kiti nikakitazama kama mtu aliyemaliza kujenga ghorofa. Nyumbani nina binti wanne na mama mkwe, hakuna hata ukuta wenye jina langu. Nikaona mstari mmoja kwenye skrini si dhambi.

Nilisahau jambo moja, na aliyefanya kazi na asiyeona miaka sita hana haki ya kulisahau. Mama Nukta haitazami skrini, anaisikiliza. Ana programu inayomsomea kila kinachotokea, kwa sauti kavu ya kiume isiyojua aibu, na sauti ile haichagui la kusoma na la kuacha. Kesho yake nilipofika nilimkuta ameketi wima, mikono magotini, na sauti inamaliza kusema: "Nyota nyota nyota msomaji mkuu kubwa kuliko kubwa kuliko kubwa kuliko."

"Wewe," akasema.

"Naam, mama."

"Hizi nyota umezitoa wapi?"

"Ni pambo tu, mama."

"Pambo la nani? Nikibonyeza, nyota. Nikifungua faili, nyota. Tangu saa moja na nusu nimesomewa cheo chako mara sitini na mbili. Hata mkeo hajawahi kukusikiliza mara sitini na mbili."

Ningeomba radhi, ingekwisha. Sikuomba. Lile neno la mke lilinichoma, maana lilikuwa kweli, na mimi ukweli wa mtu nisiyempenda haunishuki kooni. Nikamwambia kidokezo ni cha wote, azoee. Nilipotoka kunywa chai akakifuta chote, akaacha mstari mtupu. Hakuna neno wala alama, ila kijiti kinachopepesa. Niliporudi mchana nikadhani mashine imekufa, nikaizima kwa kitufe. Kurasa zake tatu alizokuwa hajazihifadhi zikaenda na maji.

Basi ikawa hivyo. Mimi nikaongeza nyota zikawa kumi na mbili. Yeye akafuta, na siku moja nikakuta badala ya jina langu kuna neno moja: SOKSI. Wapiga jalada wa chumba cha pili wakaja kulitazama mmoja mmoja, kama wanaoaga maiti. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi letu lilikuwa na kibodi moja.

Meneja alituita ofisini. Ni mwanamke wa sauti ya chini, na akiwa amekasirika hushuka zaidi mpaka inabidi uiname. "Mmoja haoni, mwingine hajioni," alisema. "Asubuhi mashine ya mama, mchana ya msomaji. Anayeondoka anamrudishia mwenzake kidokezo chake. Nikisikia neno nyota tena humu ndani, mtu anaondoka." Mama Nukta akatengeneza mafaili mawili, langu na lake. Nikimaliza kazi jioni naandika neno moja, RUDI, kidokezo chake kinarudi. Hata mimi nilikiri moyoni kwamba amefanya kazi safi. Sikumwambia.

Kidokezo chake kilikuwa mlio. Hakikuandika kitu, kililia tu: ti. Wakati mwingine ti-ti. Mimi niliyekaa kando yake kila asubuhi nikimsomea, nikisikia mara mlio mmoja mara miwili, sikuuliza hata siku moja kwa nini. Nilidhani mashine ina kigugumizi.

Sasa nije kwenye kitabu, maana ndicho kilichokuwa kikimweka mjini yule mama.

Kilikuwa kitabu cha Hesabu cha kidato cha mwisho. Tulishachapa hadithi, dini, historia, hata kitabu cha ufugaji wa kuku. Hesabu hakuna aliyeigusa. Ina mabano, vipeo, sehemu juu ya sehemu, pembetatu zenye herufi kila kona. Shuleni kwao, kipindi cha hesabu kikifika, Mama Nukta na wenzake wawili waliambiwa watoke nje wakapigwe na jua. Siku moja yeye aligoma kutoka. Mwalimu akamshika mkono mpaka mlangoni, akamwambia kwa upole kabisa, "Hesabu ni ya macho, binti yangu." Alinisimulia haya mara moja tu, tukingoja umeme urudi, na alipofika kwenye ule upole alitema mate kwenye leso. "Angenipiga ningemsahau," alisema.

Mwalimu wake alishakufa. Kitabu hakikuwa cha kumwonyesha mtu, na mimi simwiti shujaa. Ilikuwa hasira tupu, hasira ya miaka thelathini iliyopata kazi ya kufanya. Alimwandama meneja miaka mitatu mpaka akapewa. Miezi saba nilimsomea: fungua mabano, eksi kipeo cha pili, jumlisha tatu eksi, funga mabano. Nikikosea hata alama alisimamisha vidole na kusema, "Rudia, na safari hii kiwe kitabu, si wewe." Michoro aliitengeneza mchana kwa mkono, kwa kigurudumu chenye meno, anaikandamiza karatasi mpaka mstari unainuka upande wa pili. Ukurasa mmoja wa wino ulizaa mitatu ya nukta. Kila ukurasa ulichapwa kwanza wa majaribio, akaupapasa, akausahihisha, na karatasi ya majaribio akaikunja na kwenda nayo nyumbani. Nilimcheka. Nilimwuliza kama anajengea nyumba.

"Naweka," alisema.

"Za nini?"

"Za siku utakapokuwa na akili."

Kazi yake ya kwanza kila asubuhi, kabla sijafika, ilikuwa kusafisha folda ya majaribio ya jana. Amri moja, futa vyote, mashine inakuwa nyeupe kwa kazi ya siku.

Wiki mbili kabla kitabu hakijaenda kwenye printa kubwa, mchana mmoja, mkono wangu uliwasha. Nilitaka kidokezo changu kionyeshe na saa, kwa rangi nyekundu. Nikafungua faili, nikabadilisha, nikahifadhi. Saa kumi na moja jioni nikaandika RUDI. Kikaja changu, chekundu, na saa yake. Nikaandika tena. Kikaja changu. Nilikuwa nimehifadhi juu ya faili lake.

Ningemwambia. Alikuwa meta tatu kutoka kwangu, anafuta meza. Nilichohitaji kusema ni "mama, nimekuharibia, njoo." Nikafikiria jinsi atakavyosimama, jinsi atakavyonyamaza kwanza, halafu aseme kitu ambacho wapiga jalada watakirudia mwezi mzima. Nikachukua ile karatasi yangu ya maelekezo, nikatafuta jinsi ya kuweka mlio, nikaweka. Ti. Nikajaribu tena. Ti. Nikajiona fundi. Mlio ni mlio, nikasema, nikaiacha mashine kwenye folda niliyokuwa nikihesabia michoro, folda ya kitabu chenyewe, nikaenda zangu nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi nilimkuta amekaa mbali na kibodi, amekiweka kiti nyuma kabisa mpaka kimegusa ukuta. Vidole vyake, ambavyo havijui kutulia, vilikuwa vimelala.

"Nimefuta kitabu," akasema.

"Kitabu gani?"

"Una vingapi?"

Mlio mmoja ulikuwa na maana ya folda ya majaribio. Milio miwili ilikuwa na maana ya folda ya kitabu, usiguse. Hicho ndicho kigugumizi changu. Alikaa asubuhi ile, akasikia mlio mmoja, akatoa amri yake ya kila siku. Alisema alijua kabla haijaisha, kwa sababu kufuta majaribio huchukua pumzi moja na ile ilichukua tatu. Akiba ilikuwa kwenye flashi, na flashi meneja alikuwa ameiazima kubebea picha za mkutano wa wafadhili na kuisafisha kwanza, ili picha zienee.

Nilielewa yote pale pale. Nikafungua mdomo na meneja akaingia.

"Ni kosa langu," Mama Nukta akamwambia, kabla hajaulizwa. "Nilifuta bila kuhakikisha niko wapi. Msomaji hahusiki. Naomba nipewe muda, na naomba msomaji abaki nami."

Meneja aliinamisha sauti. Alisema muda hakuna. Alisema miezi saba imekwisha na ameshika nini mkononi. Alisema labda walikuwa na haki wale waliosema Hesabu ingojee, hata hivyo ni wanafunzi wangapi wataifanya. Akatoa wiki sita, mpaka shule zifunguliwe. Zikipita bila kitabu, Mama Nukta atahamia stoo kukunja kalenda, na Hesabu haitatajwa tena humo ndani. "Kukunja huhitaji kompyuta," alimwambia, na nadhani alikusudia faraja.

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na mdomo wangu wazi. Nikaufunga. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, baba wa binti wanne, nilifunga mdomo. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nayo ikawa na kesho yake.

Siku ya tatu alinituma kwao nikachukue karatasi za majaribio. Kumbe zilikuwa ndizo akiba. Anaishi na dada yake mkubwa, vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na kitanda chake kimeinuliwa kwa matofali manne kila mguu. Chini yake hakuna sanduku wala viatu. Kuna karatasi, kuanzia sakafuni mpaka kwenye chaga, zimefungwa kwa kamba sura kwa sura, na kila fungu lina kifundo chake: sura ya kwanza fundo moja, ya pili mawili, mpaka ya kumi na nne. Dada mtu alisimama mlangoni amefumbata mikono, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaishia kwenye soksi.

"Wewe ndiye yule wa nyota?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ndiye mimi."

"Yule aliyeharibu mlio, mwenzake akafuta kitabu, naye akakaa kimya kama kuku aliyenyeshewa."

Nilikuwa nimeinama chini ya kitanda. Nilibaki humo kidogo. Niseme kweli, sikuona pengine pa kuweka uso.

"Amekuambia?"

"Siku ile ile. Alikagua kabla hujafika kazini. Akakuta mlio wako wa kitoto umeandikwa kwa makosa mawili. Beba, baba, usinijazie vumbi. Na ukidondosha fundo la tisa nakufuata mpaka kwenu."

Nilirudi na mafungu begani, nikayatua, na kwa mara ya kwanza nikamkabili bila kujipanga.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini ulimwambia bosi ni kosa lako?"

"Ningesema ni lako, ungefukuzwa kabla ya chai. Halafu nani angenisomea? Bosi? Bosi anasoma eksi kana kwamba ni jina la mtu." Alikuwa tayari anafungua fundo la kwanza, anahesabu karatasi kwa kidole gumba. "Sikukulinda wewe. Nimelinda macho. Kukuchukia, naweza kukuchukia hapa hapa, huna haja ya kwenda mbali."

Hapo nilipaswa kulia au kupiga magoti. Nilikasirika. Kubebwa na mtu usiyempenda kunauma kuliko kuangushwa naye. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja, nikamwambia faili niliharibu mimi, jioni, na kwamba nilinyamaza. Akasema atatukata mishahara, mimi kwa uzembe na Mama Nukta kwa uongo, na kwamba zile wiki sita hazijaongezeka hata siku. Niliporudi chumbani Mama Nukta alikuwa amesikia, maana ukuta ule ni wa mbao.

"Umejitua mzigo," alisema. "Na mimi nimekatwa mshahara kwa sababu yako. Kaa uandike."

Kazi iligeuka. Ili tuwahi, yeye alisoma zile karatasi kwa mikono miwili, haraka kuliko nilivyowahi kusoma kwa macho, na mimi nikakaa kwenye kiti chake nikaandika. Masharti yake yalikuwa mawili: sauti ya mashine iwashwe ili asikie ninachoandika, na kidokezo kiwe changu. Kile kile cha kwanza. Nyota zote.

"Si ulisema nizoee?" aliniuliza. "Mwenye macho haambiwi tazama. Leo sikiliza."

"Nyota nyota nyota msomaji mkuu kubwa kuliko kubwa kuliko kubwa kuliko," ilisema mashine. Nikahifadhi ukurasa. "Nyota nyota nyota msomaji mkuu." Nikafungua mwingine. "Kubwa kuliko kubwa kuliko." Meneja alikuwa ametoka, na wapiga jalada walikuwa wamesimama mlangoni na vikombe vyao. Kusikia cheo chako ulichojipa mwenyewe kikitajwa na sauti isiyokuheshimu, mbele ya watu, kila baada ya dakika moja, ni adhabu ambayo sijui kama sheria inairuhusu. Mkuki kwa nguruwe. Nilivumilia mpaka saa nne na dakika kumi, nikakifuta kwa mkono wangu.

"Umechoka?" akauliza.

"Endelea kusoma, mama."

Mchana ule alikaa kwenye mashine peke yake, akatengeneza kidokezo cha tatu. Mimi nikiwa kwenye majaribio naona neno MAJARIBIO kwa kijani, yeye anasikia mlio mmoja. Nikiwa kwenye kitabu naona KITABU kwa wekundu wa damu, yeye anasikia miwili, na yale maneno aliyafunga yasisomwe na sauti. Sijui alijuaje wekundu wa damu ukoje. Kimekaa hivyo hadi leo na hakuna aliyekigusa.

Tulimaliza siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Usidhani tulikuwa marafiki kufikia hapo. Alinitukana kila sura, nami nilimjibu kuanzia sura ya nne. Siku printa ilipoanza kugonga kurasa za mwisho alisimama kando yake, ameweka kiganja kwenye bati, na nilidhani labda atasema kitu. Aliniambia nitoke kwenye njia ya hewa.

Ukurasa wa jina alikuwa ameuandika mwenyewe. Nilipokea nakala ya kwanza, nikaona chini yake mistari miwili ya nukta ambayo haikuwa kwenye kitabu cha wino.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Soma."

"Sijui nukta, unajua sijui."

"Miaka tisa uko humu," alisema. "Jifunze."

Nilikataa, bila shaka. Nilikataa siku nne. Siku ya tano nikachukua kadi ya herufi stoo, zile tunazowapa watoto wa darasa la kwanza, nikajifungia ndani nikafumbua herufi moja moja kwa macho, kwa sababu vidole vyangu ni magogo. Ilisema: Kimesomwa kwa sauti na Msomaji Mkuu. Ukikuta kosa, muulize yeye.

Nakala mia tatu zilikuwa zimeshasambazwa kwenye shule. Nilicheka kwa hasira mpaka nikakaa chini kwenye maboksi.

Barua ilifika mwezi uliofuata, bahasha kubwa, karatasi nene. Mama Nukta aliipapasa mistari miwili ya kwanza, akaacha, akanisukumia mezani.

"Si yangu. Ni ya Msomaji Mkuu."

"Nisomee basi."

"Imeandikwa kwako. Mimi si macho yako."

Nilitoa kadi yangu mfukoni, nikaanza kusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na yeye akakaa akisubiri bila kupapasa chochote, jambo ambalo kwake ni nadra. Ilinichukua saa nzima na zaidi. Ilitoka kwa msichana wa kidato cha mwisho, haoni, ambaye hakutaja hata shule yake, wala hakushukuru. Alisema amefanya maswali yote mpaka sura ya tisa. Alisema zoezi la pili, swali la nne, jibu lililopo nyuma ya kitabu haliwezi kuwa kumi na mbili, amelirudia mara tano, na anataka kujua ni nani aliyekosea kati yake na mimi.

Nilichukua kitabu cha wino nikafungua nyuma. Palikuwa pameandikwa ishirini na moja. Niliyegeuza tarakimu ni mimi, na mwenzangu safari ile hakunisimamisha.

"Mtoto yuko sahihi," nikasema.

"Najua. Nimeshalipigia hesabu kichwani tangu ulipofika katikati." Alivuta kiti kwenye kibodi, akageuza uso kuelekea ukutani. "Hesabu ni ya macho," alisema, si kwangu. Kisha kwangu: "Umelala? Nitajie ukurasa."

Nikamtajia. Akafungua folda, na mashine ikalia mara mbili.